Mizani Anapima Betri

Mume wa dada yangu huitwa Mizani, na jina hilo hakulitafuta. Kwa miaka thelathini na mmoja alifanya kazi katika ofisi ya vipimo. Kazi yenyewe ilikuwa kuingia dukani bila kutoa taarifa, kufungua kisanduku cha mbao, kutoa mawe ya shaba moja moja kwa kitambaa, maana jasho la vidole nalo lina uzito, na kuyapanga juu ya mizani ya muuzaji. Mizani ikisema kweli, anaigonga muhuri. Ikidanganya, hata kwa uzito wa njugu mbili, anaifungia na kumwandikia mwenyewe barua. Wauza nyama walipomwona anavuka barabara walianza kutubu kabla hajafika.

Hongo hakula. Naliweka hili mbele kwa sababu huko tuendako nitamsema sana, na sitaki mtu adhani namchukia shemeji yangu. Simchukii. Nampenda, na mara nyingine natamani kumfinya.

Tatizo ni kwamba jioni akirudi nyumbani kisanduku alikiacha ofisini, lakini kupima alikuja nako. Friji yao aliichunguza miezi kumi na moja. Alikwenda dukani na kipimajoto chake mwenyewe, akakitia ndani, akafunga mlango, akasimama pale nje kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Alipokata shauri kuinunua, kiwanda kilikuwa kimeacha kuitengeneza, akauziwa ile ya dirishani iliyopauka upande mmoja kwa jua. Hata dada yangu alimpima. Alizungumza naye miaka mitatu kabla ya kuleta posa, mpaka mama yetu akachoka na kusema mchagua nazi hupata koroma. Dada akamjibu kwamba katika habari hii nazi ni yeye, kwa hiyo mama aangalie anamtukana nani.

Dada ni fundi mapazia. Karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba yao, na saluni yangu ya kusuka nywele ni chumba cha pili, kilichotengwa na chake kwa ukuta wa mbao. Ukuta huo hauzuii kitu. Cherehani ikinguruma wateja wangu hutetemeka, na wateja wangu wakisengenya yeye hupunguza mwendo wa cherehani asikie vizuri. Mwenyewe haongei sana, kwa sababu kutwa nzima ana pini mdomoni. Ukimwona anazitoa moja moja na kuzichoma kwenye kimto chake, jua kuna jambo.

Kushona hakumsumbui. Kinachomsumbua ni kubeba. Jora moja la kitambaa kizito ni mzigo wa wanaume wawili, na zipo fimbo za pazia, zipo ringi, ipo ngazi, na fundi wa mapazia ni lazima aende nyumbani kwa mteja kupima, kisha kufunga, kisha kurudi kwa sababu mteja amegundua kwamba rangi haiendani na kochi. Miaka yote hiyo amekodi teksi. Kuna madereva humkimbia wakiona fimbo. Goti lake la kulia linapanda ngazi kwa kubembelezwa.

Kwa hiyo shemeji alitoa ahadi. Siku atakayostaafu, alisema, kiinua mgongo chake kitanunua gari, na majora hayatapanda teksi tena. Alisema hivyo mbele yangu, mbele ya watoto wao wakubwa wawili, na mbele ya pasta wa watu fulani aliyekuja kuchukua mapazia. Ahadi ya Mizani si ya kutiliwa shaka. Ila hakuna aliyefikiria kumuuliza tarehe.

Alistaafu. Fedha ikaingia. Akatangaza kwamba gari litakuwa la umeme, kwa kuwa petroli ni kuchoma noti na kuvuta moshi wake. Sote tukashangilia, dada akapima nafasi ya kupaki kwa futi yake ya kushonea. Kisha shemeji akasoma mahali kwamba betri mpya ya gari kama lile inaweza kufika karibu nusu ya bei ya gari lenyewe. Alirudi na lile gazeti limekunjwa kwapani, uso umemshuka. Kuanzia siku hiyo hatukununua gari tena. Tulianza kununua betri.

Na hapo ndipo tenda ilipokuja. Hospitali ya wazazi, upande wa pili wa mji, ilitaka fundi mmoja wa kudumu: madirisha arobaini na sita, na mapazia ya kutenganisha vitanda, ambayo yote kila mwezi yashushwe, yafuliwe, yapigwe pasi na kufungwa tena. Mkataba wa miaka miwili. Afisa manunuzi, mama mmoja anayeongea kama anayelipia kila neno, alizishika sampuli za dada, akageuza pindo, akaangalia mshono wa nyuma ambao watu huwa hawauangalii, na akasema kazi ni yake. Sharti moja tu. Awe na usafiri wake mwenyewe, wa kufungika, kwa sababu pazia la wodi halitakiwi kupanda buti moja na kuku wa mtu. Alimpa hadi Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa tatu kutoka siku hiyo, saa kumi alasiri. Kabla ya saa hiyo atapiga simu mwenyewe kuuliza usafiri upo au haupo.

Dada alikuja saluni akakaa kwenye kiti cha wateja. Aliniambia kwamba miaka ishirini ameshonea vyumba vya kulala vya watu, na kila kazi ni ya kuombaomba, leo ipo kesho haipo. Hii ikipatikana, ataajiri msichana wa kupanda ngazi, goti lipumzike. Macho yalikuwa yanamng'aa. Sikuwa nimemwona hivyo tangu harusi yake. Jioni alimwambia mume wake, akamuuliza kama miezi mitatu itatosha. Shemeji akasema itatosha na kubaki.

Mwezi wa kwanza uliishia kwenye duka la magari. Nilitumwa na dada nikamsukume, maana aliogopa kwamba akienda mwenyewe atalia. Muuzaji alikuwa mtu mwenye tai ndefu na lugha tamu, bingwa wa kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Alitufungulia milango, akatukalisha, akawasha kiyoyozi. Shemeji hakuangalia hata rangi. Aliomba karatasi za dhamana, akavaa miwani, akasoma zote, za mbele na za nyuma, mpaka muuzaji akazima kiyoyozi.

"Dhamana ya maisha ya betri," shemeji akasoma kwa sauti. "Maisha ya nani?"

"Ya betri, mzee wangu."

"Kwa hiyo betri ikifa?"

"Maisha yake yanakuwa yamekwisha."

"Na dhamana?"

"Nayo inakuwa imekwisha, mzee wangu. Ndiyo maana ikaitwa ya maisha."

Yule bwana hakuwa anatania. Ndani zaidi, kwa herufi za kusomea kwa tochi, tulikuta kwamba ipo dhamana nyingine ya kweli, ya miaka minane, ila kampuni itabadilisha betri endapo tu uwezo wake umeshuka chini ya asilimia sabini. Ikibaki sabini na moja, kisheria ni nzima na ina afya njema. Shemeji aliinakili sentensi hiyo kwenye daftari, akaipigia mstari mara mbili, akaaga. Nyumbani alisema kampuni isiyojua maana ya maisha haiwezi kuuziana naye kitu.

Mwezi wa pili ulikuwa wa magari yaliyotumika. Fundi mmoja wa umeme alituonyesha gari zuri la miaka minne, lina nafasi nyuma ya kulaza majora sita. Dada alikuwepo safari hii. Aliingia nyuma, akalala chali humo ndani kupima urefu wa fimbo, akatoka anacheka. Fundi akachomeka kifaa chake chini ya usukani, kikaandika: afya ya betri asilimia themanini na tisa. Mimi nikaanza kutafuta kalamu ya kusainia.

Shemeji akamuuliza fundi hicho kifaa nacho kilipimwa lini mara ya mwisho, na nani aliyekigonga muhuri.

Fundi alikichomoa kifaa chake. Akasema kifaa ni cha kupimia, hakipimwi. Jamani, kumwambia Mizani maneno hayo ni sawa na kumwambia imamu kwamba kibla ni popote. Alikiomba kile kifaa, akaweka rehani kitambulisho chake, akakipeleka ofisini kwake kwa zamani ili kikaguliwe. Vijana wa pale, ambao aliwafundisha kazi yeye mwenyewe, walimpa chai, wakakigeuzageuza kifaa, wakamwambia kwamba ofisi ina mawe ya kilo, ina vyombo vya lita, ina futi, lakini jiwe la kupimia afya ya betri haina, na pengine duniani halipo. Aliwaacha na barua ya kurasa tatu. Alipokirudisha kifaa, siku ya tisa, gari la majora sita lilikuwa limeuzwa kwa muuza mikate.

Dada alipoambiwa, alijaza pini mdomoni. Alirudi kwenye cherehani. Nilisikia ukutani inanguruma mpaka saa mbili usiku, kitambaa kimoja tu, mshono mrefu usiokwisha.

Kuna dereva wa teksi ya umeme anayepaki mbele ya saluni yangu. Nikamwambia shemeji, hebu achana na makaratasi, muulize huyu aliyeishi nayo. Akaenda na daftari. Akamuuliza alipoinunua betri ilikuwa asilimia ngapi. Dereva akasema hajui. Sasa je, ni asilimia ngapi? Hajui. Siku ya joto inapungua kiasi gani? Inapungua, akasema dereva, nami napungua. Ikiharibika? Akasema iliwahi kuharibika vipande viwili vya ndani, fundi akabadilisha hivyo viwili tu, akaendelea na safari. Na siku ikifa yote?

"Itakuwa imeshanisomeshea watoto wangu wawili," dereva akasema. "Nitaipigia saluti."

Shemeji alimshukuru, akarudi, akaandika kwenye daftari: shahidi hana takwimu.

Hilo daftari nililisoma siku moja amekwenda kunyoa. Lilikuwa na kurasa mia moja na kitu. Ukurasa wa joto, ukurasa wa milima, ukurasa wa chaji ya haraka na madhara yake. Bei ya betri mpya baada ya miaka kumi aliiandika mara tatu: bei ya hofu, bei ya kawaida na bei ya matumaini. Alikuwa amefanya hesabu kwamba tukiendesha upande wenye kivuli, betri itaishi miezi minne zaidi. Mbele kabisa, kwa mwandiko wake ule wa ofisini, ameandika mali bila daftari huisha bila habari. Nikacheka peke yangu, kisha nikakumbuka imebaki wiki tano, nikaacha kucheka.

Mwezi wa tatu akaamua kwamba makaratasi yanadanganya, na vifaa vinadanganya, na mashahidi ni wavivu, kwa hiyo atafanya jaribio mwenyewe. Alikuwa amesoma kwamba betri za aina hii hudumu zaidi zisipojazwa juu ya asilimia themanini na zisiposhuka chini ya ishirini. Betri ya simu na ya gari ni ndugu, alisema, mkubwa na mdogo. Basi nyumba nzima ikawa maabara. Simu yoyote ikifika themanini, anaichomoa. Ikishuka ishirini, anaizima na kuilaza chumbani kwenye chaja moja kuukuu, inayochaji taratibu kama anayekunywa uji wa moto. Kila Jumapili anaandika matokeo. Simu ya dada, simu yake, na yangu angeiweka humo kama singeificha ndani ya bakuli la mafuta ya nywele. Siku moja aliingia saluni akaona simu ya mteja wangu inachaji, imefika mia. Akashika kifua.

Nilimwambia dada amkataze. Akasema acha, simu si kitu, mradi wiki ya mwisho amalize. Na ni kweli alikuwa anakaribia. Jumatatu ya wiki ile magari kwenye orodha yake yalibaki mawili. Jumatano likabaki moja. Alhamisi alimwambia dada kwamba kesho jioni hesabu itafunga, na ikifunga vizuri atakwenda kulipa malipo ya kwanza Jumamosi asubuhi. Dada akamweleza tena, kwa mara ya sijui ngapi, kwamba kesho kabla ya saa kumi ile simu italia. Hata kama hajalipa, yeye atajibu kwamba usafiri upo, kwa sababu ngoja ngoja imeshamuumiza tumbo vya kutosha. Shemeji akasema hapo hana kipingamizi, ajibu tu.

Ijumaa hiyo dada hakutoka. Alikuwa na mapazia ya ukumbi fulani, kitambaa kizito cha kuteleza, kinachotaka macho mawili na mikono minne. Simu aliiweka mezani kushoto kwake, sauti juu kabisa. Mimi nilikuwa na kichwa cha bibi harusi, nywele nyembamba, kazi ya saa sita. Kila mara nilipita mlangoni kwake nikimuuliza kwa nyusi, naye ananijibu kwa kutikisa kichwa. Cherehani inanguruma. Saa nane. Saa tisa.

Saa kumi na robo nikasikia cherehani imenyamaza. Nikaenda. Dada alikuwa amepiga magoti chini ya meza, na lile goti lake bovu, anafunua kitambaa huku na huku kutafuta simu. Akasema ilikuwa hapa, alidhani imefunikwa tu na kitambaa. Nikapiga namba yake kutoka kwangu. Haipatikani.

Hatukuhitaji kutafuta sana. Ilikuwa chumbani, kwenye ile chaja ya uji, imezimwa, juu ya kitambaa safi. Saa nane na dakika arobaini, kama daftari lilivyoandika baadaye kwa uaminifu wote, simu ya mke ilifika asilimia ishirini. Shemeji alikuja nyuma yake polepole asimsumbue kwenye kazi, akaichukua, akaizima, akaenda kuilaza. Hakukumbuka kitu kingine chochote. Kichwani mwake kulikuwa na betri tu.

Dada aliiwasha, akampigia afisa manunuzi. Nilisimama karibu nikasikia yote. Yule mama hakufoka. Alisema alipiga mara tatu, mara ya mwisho saa kumi kasorobo, na kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Kazi amepewa fundi mwingine, anayeshona maturubai na viti vya magari, kwa kuwa ana pikapu ya petroli na alipokea simu mlio wa kwanza. Dada akasema asante mama, nashukuru. Alikata, akakaa kitandani. Nilitaka kwenda kumvunjia mtu daftari kichwani. Akanishika mkono, akasema nikammalizie bibi harusi nywele zake, hana kosa yule.

Sikwenda. Bibi harusi na anisamehe. Kwa sababu wakati huohuo shemeji alitokea sebuleni, miwani juu ya paji la uso, daftari mkononi, anatabasamu kama mtoto aliyepata jino jipya.

"Inalipa," akasema.

Akakaa kwenye stuli mbele ya mke wake na kuanza kueleza. Kosa lake miezi yote hii, alisema, lilikuwa kuogopa kuitumia betri. Alikuwa anahesabu namna ya kuitunza, kumbe betri ni kama mfanyakazi wa mshahara: afanye kazi asifanye, mwezi ukiisha umemlipa. Ukiendesha kidogo, kila kilomita ni ghali mno. Ukiendesha sana, bei ya betri inagawanyika, inakuwa ndogo, inapotea. Na safari za hospitali, kwenda na kurudi na mizigo ya kufua, zilikuwa nyingi kiasi cha kutosha. Bila hospitali, hesabu haifungi hata kwa bei ya matumaini. Pamoja na hospitali, inafunga na chenji inabaki. Alikuwa na furaha ya kweli, maskini. Alikuwa amemfanyia mke wake kazi kubwa kuliko zote alizowahi kufanya, na akaileta kwa mikono miwili.

Dada alitoa pini zilizokuwa zimebanwa pembeni mwa mdomo muda wote huo, moja moja. Zilikuwa nne.

"Hebu niulize," akasema. "Hiyo betri, mtu akiiweka tu, asiitumie. Haizeeki?"

"Inazeeka," shemeji akasema haraka, kwa raha ya mwalimu aliyeulizwa swali zuri. "Watu wengi hawalijui hilo. Inazeeka hata gari likiwa limesimama. Siku zinapita nayo inapungua, kazi haijafanya."

"Basi na mimi nilikuwa nimesimama," dada akasema. "Walipiga mara tatu, mume wangu. Ulikuwa umeizima."

Ilichukua muda kumwingia. Aliangalia simu mkononi mwa dada. Aliangalia saa ya ukutani. Kisha akafungua daftari, akatafuta mstari wa saa nane na dakika arobaini, akausoma, na nikamwona anazeeka hapo hapo mbele yetu, bila hata kutumika. Hakujitetea. Namheshimu kwa hilo. Alisema jambo moja tu, kwamba amewafungia watu maduka kwa makosa madogo kuliko hili.

Jumatatu alivaa shati la ofisini akaenda hospitali peke yake. Alikaa kwenye benchi tangu saa mbili hadi saa saba, katikati ya wajawazito, mpaka afisa manunuzi alipomwita. Alimweleza kosa ni la nani, na saa, na dakika. Mama yule alimsikiliza hadi mwisho, nadhani kwa mara ya kwanza maishani mwake alikutana na mtu anayeleta ushahidi dhidi yake mwenyewe. Akamwambia mkataba umesainiwa, maji yakimwagika hayazoleki. Ila yule wa maturubai ameomba asainiwe mwaka mmoja tu badala ya miwili, hivyo mwakani tenda itatangazwa upya.

Jumanne alinunua gari. Lile lile la mwisho kwenye orodha, jipya, la yule mwenye tai. Dhamana hakuisoma. Muuzaji mwenyewe aliingiwa na wasiwasi, akamwuliza kama mzee yuko salama. Kwa hesabu za daftari ni ununuzi mbaya: safari chache, kilomita ghali, bei ya hofu mlangoni. Alilijua hilo kuliko mtu yeyote mjini, na alilipa hivyo hivyo. Funguo alimkabidhi dada barabarani, mbele ya dereva wa teksi, aliyepiga saluti.

Jumamosi tulikwenda kupeleka yale mapazia ya ukumbi. Dada akiendesha, shemeji pembeni yake, mimi nyuma nimebanana na majora, fimbo ikinipitia begani. Gari halina sauti kabisa. Unasikia kila mtu anavyopumua. Njia ya ukumbini inapita hospitali ya wazazi, na dada hakukwepa. Alipunguza mwendo. Kwenye wodi za chini, zenye madirisha ya kushuka hadi sakafuni, mapazia mapya yalikuwa tayari yameanza kufungwa, ya kijani, dirisha baada ya dirisha. Yalikuwa mafupi. Tuliona mwanga chini ya kila moja, upana wa vidole vinne hivi, na miguu ya vitanda.

Shemeji alifungua mdomo. Macho yake yalikuwa yameshuka kwenye kioo cha mbele ya usukani, panapoandikwa asilimia, na najua kabisa alitaka kusema namba. Akaufunga.

Dada akasogeza gari tena.

"Mwakani tarehe kama hizi," akasema, "simu yangu itakuwa inawaka. Hata ikibaki moja."

"Sawa," akasema shemeji. Akageuza uso dirishani, na mpaka tunafika ukumbini hakuugeuza tena.